Rimu za Inchi Kumi na Sita

Ndugu zangu, sisi wa kijiji hiki cha Kortesalo tunajuana. Mmoja akipaka nyumba rangi, jirani naye atapaka kabla mwezi haujaisha, tena atatafuta rangi inayokolea zaidi. Mmoja akinunua trekta, wenzake watapunguza mwendo barabarani walitazame vizuri, halafu watafika makwao wamenuna. Huwa tunacheka, tunasema ndivyo tulivyozaliwa sisi watu wa tambarare za kaskazini. Leo sina cha kuchekesha. Nataka niwaeleze yaliyoikuta nyumba ya Tarmo Ylihakola, na naomba mnivumilie hadi mwisho, maana sitaki nyumba nyingine iyapate.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, siku tulivu. Mashamba yalikuwa yameshavunwa, moshi wa sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke, ulikuwa unapanda taratibu nyuma ya nyumba, na jikoni Marjut, mke wa Tarmo, alikuwa anaoka mkate wa iliki. Tarmo mwenyewe alikaa kwenye ngazi za mlango na kikombe cha kahawa. Ni fundi wa samani, mtu wa mikono mizuri na maneno machache, na siku hiyo alikuwa na furaha kwa sababu binti yake alikuwa nyumbani.

Binti huyo ndiye Hilla, mtoto wao wa pekee. Alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi na kupata kazi ya kuzungukia wazee majumbani. Anawapa dawa, anawaogesha, anawapikia uji, anawasikiliza hadithi walizomsimulia jana yake. Kazi hiyo huku kwetu huwezi kuifanya bila gari, na Hilla alikuwa nalo, kigari kidogo cha kijivu alichoachiwa na marehemu shangazi wa mama yake. Alikuwa anakiosha pale uani huku akiimba vibaya, na baba yake alikuwa anamsikiliza kwa raha zote.

Alipomaliza kuosha alikuja kukaa karibu na baba yake, akamwambia ameshachagua matairi ya baridi na ameyaagiza dukani mjini. Matairi membamba ya misumari, yale yenye vichuma vidogo vya kung'ata barafu, kwenye rimu nyeusi za chuma za inchi kumi na nne. Alikuwa na zamu mfululizo, kwa hiyo alimwomba baba ayachukue na kuyafunga. Hilo halikuwa ombi geni. Kwetu baba ndiye anayemfungia mtoto wake matairi ya baridi, hata mtoto awe na watoto wake. Tarmo alikuwa ameshapiga jeki magari ya nyumba ile miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kukagua kazi yake.

"Rimu nyeusi za chuma?" Tarmo aliuliza. "Mwanangu, gari litafanana na toroli."

"Toroli linafika, baba. Tairi pana linapanda juu ya rojo la theluji, linaelea. Jembamba linachimba mpaka chini, linaishika lami. Halafu rimu ikiwa ndogo, mpira unabaki mnene pembeni, hata ukigonga shimo gari haliruki. Tulijaribu kwenye uwanja wa utelezi nilipokuwa najifunza kuendesha. Niliona kwa macho yangu."

"Na ukipita mbele ya watu?"

"Wazee wangu wananisubiri mimi, hawasubiri rimu."

Tarmo alicheka, akasema sawa. Lakini moyoni haikuwa sawa, na chanzo chake nitakitaja wazi. Tarmo ana kaka yake, Raimo, mwenye nyumba ya ghorofa pale njia panda na kijana anayependa magari ya kung'aa. Wakati wa sherehe za katikati ya majira ya joto, nyama zikiwa juu ya makaa na watu wamejaa, Raimo alikiona kigari cha kijivu akasema, "Mdogo wangu, umempa mtoto gari la bibi wa posta?" Watu wakacheka. Tarmo naye akacheka. Raimo akageukia nyama na pengine akasahau hapohapo, ila Tarmo aliondoka na neno lile na kulilea kiangazi kizima. Kila alipokiona kile kigari alisikia vicheko.

Sasa Siku ya Akina Baba ilikuwa inakaribia, ile Jumapili ya Novemba, na mwaka huo zamu ya kuwakaribisha ndugu ilikuwa ya Tarmo. Raimo atakuja na mkewe na kijana wake. Magari yatasimama uani ubavu kwa ubavu. Tarmo alikiona kigari cha binti yake kimekaa pale na rimu zake nyeusi za inchi kumi na nne, kando ya gari la yule kijana, na aibu ikampanda kabla hata hakijatokea kitu.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo analisimulia akiangalia sakafu. Alipiga simu dukani akawaambia agizo la Hilla lisubiri, kumetokea mabadiliko. Kisha akaenda hadi mji wa pili kwa mtu aliyekuwa anauza rimu za inchi kumi na sita zenye matairi ya baridi juu yake, mapana, ya mpira mtupu bila misumari. Rimu zilikuwa za kung'aa, zimekatwa kama maua. Yule muuzaji alisema matairi hayajatembea sana, yamekaa ghalani tu, na hakudanganya. Kashata, yale meno ya tairi, zilikuwa nene kweli. Tarmo alipima kina chake kikazidi kile kinachotakiwa na sheria, akaridhika. Hakuuliza yamekaa ghalani tangu lini. Mpira huzeeka hata usipoguswa, jamani. Unakuwa mgumu, na baridi ikiingia unakuwa mgumu zaidi, na hilo huwezi kuliona kwa kupima kashata.

Siku moja kabla ya ile Jumapili aliyafunga. Hilla alikuwa kazini, kapelekwa na mwenzake. Marjut alitoka nje na aproni ya jikoni kiunoni, akasimama akitazama.

"Hilla anajua?" aliuliza.

"Nataka kumshangaza."

"Alitaka yale membamba, Tarmo. Alikuwa na sababu zake."

"Sababu zake nimezisikia. Wewe hutaki mwanao apite watu wamwangalie?"

Marjut alijifuta mikono kwa ile aproni. Alijua mumewe anakosea. Lakini wageni walikuwa wanakuja kesho yake, keki haijapambwa, na hakutaka nyumba iamke na ugomvi. Akarudi ndani. Ananiambia kwamba katika maisha yake yote hakuna mlango anaoujutia kuufungua kuliko ule aliouingia siku ile akinyamaza.

Jioni kabla giza halijakolea Hilla alirudi, akaliona gari lake. Tarmo alikuwa amesimama kando yake, ameshikilia kitambaa alichokuwa anafutia zile rimu, anatabasamu mwenyewe. Nawaambieni, ndugu zangu, yule hakuwa baba mbaya. Alikuwa anamsubiri mtoto wake afurahi, na kwa hilo moyo ulikuwa unamdunda.

Hilla aliangalia matairi yale kwa muda. Akainama, akabonyeza mpira kwa kidole gumba, akasimama.

"Zinapendeza, baba," alisema. Kisha kwa sauti ndogo akauliza, "Na yale yangu?"

"Yapo dukani, hayakimbii. Utayafunga mwakani. Mwaka huu tembea kama binti wa Ylihakola."

Alimtazama baba yake usoni, akaiona ile furaha. Angeweza kukataa. Gari lilikuwa lake, mshahara ulikuwa wake, na maneno alikuwa nayo. Lakini kesho yake ilikuwa Siku ya Akina Baba, na mtoto anayempenda baba yake atamvunjaje moyo siku hiyo? Alimwekea mkono begani.

"Asante, baba. Basi nitaendesha polepole."

Kesho yake ndugu walikuja. Walikunywa kahawa, wakala keki na jibini la kuoka, Hilla akasoma kadi aliyomwandikia baba yake na watu wakapiga makofi. Tarmo hakukaa kitini. Kila mara alikuwa dirishani. Wakati wa kuondoka Raimo alisimama uani, akageuza macho upande wa kigari cha kijivu, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeridhika. Tarmo alikiona kile kichwa kikitikisika. Usiku ule aliuona mwili mwepesi, alilala vizuri kuliko alivyolala kiangazi kizima.

Wiki ileile theluji ilianguka nyingi, kisha hewa ikapata joto kidogo, ikanyesha mvua juu yake. Nyie mnaijua hali hiyo. Barabara inajaa rojo zito la kijivu, magari yanachimba mistari miwili, na katikati ya mistari kunabaki tuta la majimaji yaliyoganda nusu. Asubuhi hiyo Hilla alitoka mapema kuliko kawaida ili asilazimike kukimbiza. Baba yake aliondoka baadaye kidogo na gari lake mwenyewe, ambalo, niseme tu ukweli, lilikuwa na matairi membamba ya misumari.

Kabla ya kufika daraja la mto alikuta foleni. Magari yamesimama, taa za breki zinawaka. Tarmo alikaa akigonga usukani kwa vidole. Alipiga simu karakana kusema atachelewa, akalalamika kwamba hakika kuna mtu ameingia barabarani bila kujiandaa na sasa wote wanakaa kwa ajili yake. Aliyasema hayo kwa kinywa chake. Alipochoka kukaa, alishuka akatembea kando ya foleni kuangalia kuna nini.

Lori la magogo lilikuwa limesimama mshazari. Dereva wake alikuwa ameketi pembeni ya barabara, kashika kichwa. Chini mtaroni palikuwa na gari dogo limelala kichwa chini, rangi yake haionekani kwa matope ya theluji. Tarmo hakulitambua gari. Alitambua rimu. Zilikuwa juu, zote nne, zimeoshwa na mvua, zinang'aa.

Walioshuhudia wanasema hakupiga kelele. Alishuka mtaroni akiteleza, akaanza kuchimba theluji kwa mikono kwenye dirisha ingawa waokoaji walikuwa wameshamtoa binti na kumpeleka kwenye gari la wagonjwa. Ilibidi wamshike, wamgeuze, wamwonyeshe alipo.

Polisi walieleza baadaye yaliyotokea. Mwendo wa Hilla ulikuwa mdogo kabisa, chini ya ule unaoruhusiwa. Aliposogea kidogo kulipisha lori, matairi mapana yalipanda lile tuta la rojo na kuelea. Alikata usukani, gari halikusikia. Mpira ule mgumu haukupata cha kushika, gari likajikokota lenyewe taratibu hadi upande wa lori, na lori likaligonga na kulipindua mtaroni.

Hospitalini walimruhusu Tarmo aingie kabla hawajamchukua kwa upasuaji. Marjut alikuwa bado njiani. Hilla alikuwa macho. Uso wake haukuwa na jeraha, ila alikuwa mweupe sana na mkono wake ulikuwa wa baridi. Alipomwona baba yake, jambo la kwanza aliloona ni muhimu kumwambia lilikuwa hili:

"Baba, sikukimbiza. Niliendesha polepole."

"Najua, mwanangu."

"Sijui nilikosea wapi. Nilifanya kama tulivyofundishwa."

Ndugu zangu, neno lilikuwa pale, limefika ulimini. Hukukosea. Ni mimi. Maneno matatu tu, na yangemtua yule mtoto mzigo. Tarmo alifungua mdomo, akawatupia wauguzi jicho. Aliona haya. Hata pale, mbele ya kitanda kile, bado haya ilimshika, kwamba wauguzi watasikia. Akasema, "Pumzika kwanza. Tutazungumza ukitoka." Wakamsukuma Hilla kwenye ule mlango mpana, na Tarmo akabaki kashika koti lake.

Hawakuzungumza. Hilla hakutoka mzima. Marjut alifika akamkuta mumewe kaegemea ukuta, na alipomwona tu alijua, akakaa chini palepale sakafuni.

Alizikwa kabla ya Krismasi, ardhi ikiwa ngumu mpaka ikabidi watumie mashine kuichimba. Kanisa lilijaa. Wazee wake walikuja, wengine kwenye viti vya magurudumu, wengine wakiwa wamesahau jina lake lakini wanaikumbuka sauti yake. Bibi mmoja alimshika Marjut mkono akawa anamuuliza sasa nani atamchana nywele. Marjut alimjibu kwamba atakuja yeye. Na kweli, anaenda mpaka leo.

Baada ya mazishi watu walikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa kunywa kahawa. Tarmo alikaa peke yake karibu na mlango, kikombe hakijaguswa. Raimo alimfuata, akaketi kando yake. Kaka yule alikuwa amelia siku nzima, macho yamevimba. Tarmo ndiye aliyeanza.

"Kaka, zile rimu. Ulizionaje?"

"Rimu gani?"

"Za gari la Hilla. Siku ile uani, Siku ya Akina Baba. Uliziangalia ukatikisa kichwa."

Raimo alimtazama kwa mshangao, akajitahidi kukumbuka. 

"Sikuona rimu yoyote, Tarmo. Nilikuwa naangalia mawingu. Nilikuwa nafikiri theluji inakuja, niwahi kumrudisha mama watoto nyumbani."

Tarmo aliitikia, "Ahaa." Akanyanyua kikombe, kahawa ikammwagikia suruali, naye hakuhangaika kuifuta. Kisha akainamisha kichwa magotini, na mbele ya kijiji kizima, mbele ya watu wote aliokuwa akiwaogopa, akalia kwa sauti. Hakuna aliyemcheka. Hakuna aliyekuwa anamwangalia kwa ubaya, wala hajawahi kuwepo.

FUNZO

Wazazi wenzangu, naomba tuambiane bila kuoneana haya. Ugonjwa uliomuua Hilla unaitwa "watu watasemaje", na hakuna nyumba hapa Kortesalo ambayo haujabisha hodi. Unaanza na utani mdogo wa sikukuu. Unaishia mahali ambapo mtu anachagua kitu cha kumlinda mwanawe kwa macho ya jirani, wakati jirani mwenyewe anaangalia mawingu.

Matairi ya baridi ni ya baridi. Gari dogo lipe rimu ndogo na tairi jembamba, tena mpira mpya ulio laini, hata likifanana na toroli. Usidanganywe na kashata nene za tairi lililozeekea ghalani. Na mtoto akikueleza anachohitaji, akakupa na sababu, usimwitikie sawa kisha ukafanya lako kwa jina la kumshangaza. Aliyeuona uongo ukifungwa nati kwa nati naye asirudi jikoni kuilinda amani ya wageni. Marjut amenituma niliseme hilo kwa maneno yangu, kwa sababu yeye kila akianza kulisema anashindwa kulimaliza.

Jambo la mwisho ndilo Tarmo mwenyewe aliloniomba nilifikishe. Ukimkosea mwanao, mwambie siku hiyohiyo, mbele ya yeyote aliyepo. Hilla aliingia kwenye ule mlango akidhani kosa ni lake. Baba yake alikuwa na neno la kumwondolea, na akaliacha lisubiri.